Kaka wa bibi ninayemlea alipotea na ndege ya mabomu 1944: kwa nini mwenzake aliokotwa, yeye hakuokotwa?

"Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mtu wa Tanga, niko Uingereza hapa Lincoln mwaka wa sita sasa, nafanya kazi ya kulea wazee. Bibi ninayemhudumia ana miaka 90. Kaka yake alikuwa mpiga bunduki wa mkia kwenye ndege ya mabomu aina ya Lancaster, waliruka kwenda Berlin mwezi wa kwanza 1944 hawakurudi. Walikuwa saba. Mwili wa mmoja tu, yule mtu wa redio, ulitupwa na bahari kwenye kisiwa kimoja cha Ujerumani wiki kama saba baadae, sasa yuko makaburi ya vita Kiel. Wale sita hakuna kitu, majina tu ukutani kwenye kumbukumbu ya Runnymede. Bibi haachi kuuliza, kama mmoja alionekana kwa nini wengine wasionekane? Hawakutafutwa? Na mbona hawakuita kwenye redio? Anaamini labda kaka yake alikamatwa na Warusi wakamficha. Mjukuu wake nae kaona Waholanzi wanainua ndege za vita kutoka majini, anataka familia ichange hela. Mi nimjibu nini? Na huyo kaka aliteseka? Hata kwetu yuko mdogo wake babu alienda vita ya Hitla, meli ikazama, mpaka leo hatujui chochote."

Marahaba mwanangu. Nimelisoma swali lako mara tatu, na la kwanza nataka ujue kwamba huyo bibi hajachanganyikiwa na uzee. Anachouliza ndo kile mama yake alichouliza mpaka akaingia nacho kaburini, na nimekutana nacho kwenye mafaili mengi sana ya miaka ile, barua za kina mama za kuandikwa kwa mkono, zote zinasema kitu kimoja, jamani mwenzie mmepata na wangu je? Yaani mwili mmoja ukionekana, wale wengine wote wanazidi kuuma. Ingekuwa hakuna aliyeonekana kabisa, watu wangesema bahari imewachukua wote basi. Sasa bahari imerudisha mmoja, roho inabaki mlangoni inasubiri.

Ngoja nianze na Warusi maana hilo ndo linalomzuia kulala, na ndo rahisi kuliondoa. Askari wa anga wa Uingereza akikamatwa hai na Wajerumani alikuwa anapelekwa kuhojiwa, anapewa namba ya mfungwa, alafu jina lake linapelekwa Geneva kwa Msalaba Mwekundu na kutoka huko linafika London. Ilichukua wiki, wakati mwingine miezi, ila jina lilikuwa linafika, na wafungwa wenyewe walikuwa wanaandika barua nyumbani. Ni kweli kambi nyingine zilikombolewa na jeshi la Urusi, kwa mfano ile ya Barth kwenye pwani ya Baltiki mwezi wa tano 1945, na kuna kambi ambazo Warusi waliwachelewesha watu kidogo kabla ya kuwaachia. Uvumi umezaliwa hapo. Lakini wale walikuwa wafungwa wenye namba tangu zamani, familia zao zinajua wako wapi. Huyu kaka alipotea Januari 1944, Warusi walikuwa bado mbali sana na Ujerumani, na kuanzia hapo mpaka vita inaisha ni miezi 16 bila namba, bila barua, bila mfungwa mwenzake hata mmoja kusema nilimuona. Mwambie bibi taratibu, kaka yake hakuwahi kuwa mfungwa. Najua unamnyang'anya tumaini, ila tumaini lenyewe linamtesa, miaka 80 anamfikiria kaka yake kwenye baridi ya gerezani wakati hakuwahi kufika huko.

Sasa hili la "hawakutafutwa". Linaniuma kidogo kwa sababu watu wengi wanaamini jina ukutani maana yake serikali ilichoka ikaandika ikaondoka. Sivyo kabisa. Asubuhi ile ndege isiporudi, telegramu ilitoka siku hiyohiyo ikisema hajulikani alipo, baadae ikaja barua ya mkuu wa kikosi, alafu ofisi maalum ya wizara ya anga ikafungua faili kwa kila ndege. Miezi sita ikipita bila habari ndo wanatamka kwa ajili ya sheria kwamba tunamhesabu amekufa. Hiyo ni karatasi tu ya kumwezesha mama kupata haki zake, faili lenyewe lilibaki wazi. Na vita ilipoisha RAF, jeshi la anga la Uingereza, iliunda kitengo cha kutafuta waliopotea, maofisa wakazunguka Ulaya nzima kijiji kwa kijiji, wanauliza mapadri, wavuvi, wachimba makaburi, wanafukua makaburi yasiyo na jina wanaangalia alama ya dobi kwenye kola ya shati, saa ya mkononi, meno. Walianza na watu zaidi ya 40,000 wasiojulikana walipo na zaidi ya 20,000 wakapatiwa kaburi lenye jina. Kazi ya mikono hiyo, hakuna vinasaba wala kompyuta. Yule mtu wa redio aliyeko Kiel huenda jina lake limesimama sawasawa kwenye jiwe kwa ajili ya watu hao. Lakini kitengo kile kilikuwa kinatafuta nchi kavu. Baharini hakuna mwanakijiji wa kumuuliza.

Na usiku wenyewe wangemtafuta wapi? Bahari ya Kaskazini ina zaidi ya kilomita za mraba 500,000. Kulikuwa na huduma nzuri tu ya uokoaji, boti za kasi, ndege zinazodondosha boti ya mbao kwa parachuti, na Wajerumani nao walikuwa na ndege zao za kuokoa ambazo ziliokota hata Waingereza. Ila mwokoaji lazima ajue pa kuanzia. Kuna kisa cha Februari 1942, ndege aina ya Beaufort iliyokuwa inarudi kutoka Norway iliangukia bahari hiyohiyo, watu wanne wakawa kwenye boti ya mpira, redio haikutosha kuonyesha walipo, na njiwa waliyembeba, alikuja kuitwa Winkie, akaponyoka amelowa mafuta akaruka karibu kilomita 190 mpaka nyumbani kwake karibu na Dundee. Watu wakapiga hesabu ya saa alizoruka, upepo na uzito wa mafuta kwenye manyoya, wakajua boti iko wapi, wote wanne wakapona. Mwaka uliofuata yule njiwa akapewa medali. Huwa nawasimulia watu kisa hiki waone ilivyokuwa inahitajika bahati, hata watu walio hai walitegemea njiwa. Ndege ambayo haikusema kitu usiku wa Januari haikuacha hata pa kuanzia.

Kwa nini haikusema kitu. Hapa wengi wanakosea, wanadhani rubani alikuwa na redio kama rubani wa leo anaongea na mnara muda wote. Ndege za mabomu zilikuwa zinakwenda kimya kwa makusudi kwa sababu Wajerumani walikuwa wanasikiliza. Mtu wa redio alikuwa anasikiliza zaidi kuliko kutuma, na kutuma kwenyewe ni kugonga alama za Morse kwa kidole, kunataka dakika. Na mwanzoni mwa 1944 dakika ndo zilikuwa hazipo. Ndege za kivita za usiku za Wajerumani zilikuwa na rada, zinaelekezwa kutoka ardhini mpaka karibu, alafu nyingi zilikuwa zimefungwa mizinga inayotazama juu. Zinaingia chini ya tumbo la Lancaster mahali ambapo hakuna bunduki wala dirisha, zinapiga bawani kwenye tangi la mafuta kati ya injini mbili. Lancaster ilibeba mpaka lita 9,800 za petroli, na wakati wa kwenda inabeba na mabomu ya tani kadhaa. Kwa hiyo kwenye daftari la kikosi bibi atakuta mstari mmoja tu, kwamba hakuna kilichosikika tangu iliporuka. Mstari huo unakatisha tamaa ila karani aliandika ukweli wake, hakikusikika kitu.

Haya, tuje kwenye kiini, mmoja ameonekana sita hawakuonekana. We ni mtu wa Tanga, pwani, hili utalielewa haraka kuliko watu wengi wanaoniandikia. Unajua mvuvi akizama hazami kama mbao. Mwili wa mtu aliyekufa majini mara nyingi unashuka kwanza chini, mapafu yameingia maji na nguo zimelowa. Baadae unapoanza kuharibika unajaa hewa ndani ndo unapanda juu. Kwetu maji ya joto, hiyo ni siku mbili tatu, na wazee wanajua kabisa wakae upande gani wa ufukwe wasubiri. Bahari ya Kaskazini mwezi wa kwanza maji ni nyuzi tano sita hivi, kama ndani ya friji. Kwenye baridi ile kuharibika kunakwenda polepole sana, mwili unaweza kukaa chini wiki nyingi mpaka maji yapate joto, na ukiwa kwenye kina kirefu unaweza usipande kabisa. Wiki saba za yule mtu wa redio sio jambo la ajabu hata kidogo, nimeona za miezi minne mitano.

Na alikotokea hakutuambii moja kwa moja alikoangukia. Mkondo wa bahari ile unazunguka kinyume na saa, unashuka na pwani ya Uingereza, unapinda kule kusini, alafu unapanda na pwani ya Uholanzi, Ujerumani, mpaka Denmark. Ndo maana ukitembea visiwa vya Uholanzi, Texel, Terschelling, Ameland, kwenda mpaka vya Ujerumani na kufika Esbjerg kule Denmark, kila mahali kuna makaburi ya wanaanga waliotupwa na maji, wengi jiwe linasema tu kwamba anajulikana kwa Mungu. Walizikwa, na mara nyingi kwa heshima za kijeshi na Wajerumani wenyewe au na watu wa kisiwa. Nalisema hili kwa sababu bibi anaweza kuwa anawaza kaka yake alitupwa kama takataka. Kuna uwezekano mdogo, nausema kwa uangalifu sana usije ukampa kama ahadi, kwamba mmoja kati ya wale sita amelala chini ya jiwe mojawapo lisilo na jina. Vidani vya utambulisho vya Waingereza vilikuwa vya nyuzinyuzi ngumu zilizogandamizwa, na vikikaa majini na ardhini vilikuwa vinaoza, vya chuma vingedumu. Mwili ukija bila kidani, umevaa sare tu, wanaandika "mwanaanga" wanazika.

Kwa nini yeye hasa asionekane, huyu wa mkia. Fikiria alipokuwa amekaa. Kibanda cha bunduki cha mkia ni kidogo kiasi kwamba parachuti yake kwa kawaida ilikuwa haiingii, imetundikwa nyuma yake ndani ya mwili wa ndege. Kutoka kwake inabidi anyooshe kibanda sawasawa, afungue milango, aifikie parachuti, aivae kifuani, ndo atoke, na kibanda chenyewe kinazungushwa kwa nguvu ya injini, injini ikifa na kibanda kimekaa upande, anahangaika nacho kwa mkono. Alafu yeye ndo alikuwa amevaa nguo nzito kuliko wote kwa ajili ya baridi ya juu, suti ya umeme, manyoya, buti, glavu pea juu ya pea. Kwa hiyo kama ndege iliingia majini na yeye yuko kwenye kiti chake, alishuka nayo, na mtu aliyefungwa ndani ya chuma hapandi hata maji yakipata joto. Yule mtu wa redio alikaa katikati ya ndege. Mwili wake kuelea maana yake karibu hakika alitoka nje, ama aliruka, ama ndege ilipasuka angani, ama alitoka baada ya kugusa maji na boya lake la shingoni likiwa limejaa hewa. Boya lile linafanya tofauti kubwa sana, aliyewahi kulivuta anaelea, ambaye hakuwahi anashuka. Basi, tofauti ya mmoja na sita inaweza kuwa kamba moja iliyovutwa. Hakuna aliyemchagua yule akawaacha hawa.

Umeuliza kama aliteseka. Sitakudanganya wala we usimdanganye bibi, kwa sababu hakuna aliyekuwepo akarudi kusimulia. Nitakuambia njia zilizokuwepo. Ndege ikilipuka na mafuta na mabomu, ni kufumba na kufumbua, na ndege nyingi za mwaka ule ziliisha hivyo. Ndege ikianguka inajizungusha, watu wanabanwa ukutani na ile nguvu ya kuzunguka hawawezi hata kuinua mkono, inakuwa ni sekunde kadhaa mpaka dakika moja hivi. Rubani akifanikiwa kuilaza juu ya maji usiku, kitu kigumu mno maana haoni mawimbi na maji kwa kasi ile yanapiga kama sakafu, mkia mara nyingi ndo unaovunjika mwanzo. Na mtu akifika majini akiwa hai bila boti, baridi ile inamkata pumzi dakika za kwanza, mikono inakufa ganzi ndani ya dakika chache, na fahamu zinapotea polepole, kwa kawaida ndani ya saa moja hivi, mwishoni mtu anakuwa kama anasinzia. Boti ya mpira ilikuwepo, imekunjwa ndani ya bawa la kulia inajifungua yenyewe ikilowa, lakini bawa likiungua nayo inaungua. Kwa huyu kaka, kwa alipokaa na kwa kimya kile, mimi uzito naupeleka kwenye zile njia fupi. Bibi akikuuliza mwambie hivyo hivyo, mtaalamu anasema inaelekea ilikuwa haraka, hana uhakika, ila ndiko ushahidi unakoelekea. Wazee wanajua mtu akiwadanganya, na ukimdanganya hapo na yale mengine yote ya kweli hatayaamini.

Mjukuu na mchango wake. Simlaumu kijana, upendo ndo unaomsukuma, ila alichokiona ni kitu kingine. Waholanzi kweli tangu 2019 serikali yao inatoa hela kuinua ndege zilizo na miili ndani. Mwaka 2020 waliinua ndege ya mabomu Stirling BK716 iliyoanguka Machi 1943 ikitoka Berlin na watu saba, ilijulikana ipo hapo kwa sababu mwaka 2008 nanga ya boti moja ya uokoaji ilinasa kipande chake. Alafu 2023 wakainua Lancaster ED603 iliyopigwa Juni 1943, na hiyo inafanana sana na ya kwenu, watu saba, wanne walikuwa wameokotwa na kuzikwa zamani, watatu hawakuonekana, wakaenda kuwatafuta hao watatu miaka 80 baadae. Lakini angalia zilikokuwa. Zote mbili zilikuwa ndani ya yale maji ya katikati ya Uholanzi ambayo yalifungwa na bahari kwa tuta kubwa mwaka 1932, ni ziwa la maji baridi sa hivi, kina cha mita chache, chini tope linalofunika kila kitu. Tope na maji yasiyo na chumvi vinatunza.

Bahari ya wazi haitunzi. Lancaster ilitengenezwa kwa bati jembamba la alumini, kwenye maji ya chumvi linaliwa mwaka hadi mwaka, juu yake dhoruba za kila kipupwe, alafu meli za uvuvi zenye nyavu za kukokota zimelima sakafu ile tangu vita iishe. Kinachobaki ni injini, miguu ya magurudumu, bunduki, vimetawanyika, mara nyingi kimoja kiko kilomita nyingi kutoka kingine. Ndege kama ndege haipo tena. Na nyie hamjui hata ilipo ndani ya eneo kubwa kama nchi. Zaidi ya hapo kuna sheria, Uingereza tangu 1986 mabaki ya ndege yoyote ya kijeshi ndani ya maji yake ni marufuku kuguswa bila kibali, na kibali hakitolewi kirahisi panapodhaniwa kuna miili, na nchi nyingine zina sheria zao. Kwa hiyo mwambie kijana hela yake asiitoe kwa mtu yeyote anayemuahidi kuitafuta ndege kwa ada. Nimeona familia zimelipa, zimepewa picha ya kitu cheusi chini ya maji, hakuna namba, hakuna kitu. Namba ya ndege au namba ya injini ndo ushahidi, bila hiyo ni picha tu ya chuma.

Hela hiyohiyo, tena kidogo tu kati yake, ifanye kazi nyingine. Nyaraka za Taifa za Uingereza ziko Kew, London. Daftari za kikosi ziko kwenye fungu linaloitwa AIR 27, mle utapata saa waliyoruka, nani alikaa wapi, mzigo wa mabomu. Fungu AIR 81 ndo yale mafaili ya ndege zilizopotea, yanafunguliwa kidogo kidogo kwa mpangilio wa tarehe, na ndo yenye barua za familia. Ikiwa la kwao limeshafunguliwa, bibi anaweza kuiona barua ya mama yake mwenyewe. Jiandae na wewe maana hilo linatoa watu machozi. Kuna na orodha za ndege ambazo marubani wa Kijerumani walidai wamezipiga, saa na mahali, ukizilinganisha na ndege zilizopotea usiku ule unaweza kupata jibu la "inaelekea ilikuwa huku". Liite inaelekea, usiliite hakika. Na hilo kaburi la Kiel nalo linaweza kuwa na karatasi zake za kueleza mwili ulipatikana wapi na lini. Mtu mmoja aliyeokotwa ndo shahidi pekee wa wale saba, anzeni na yeye.

Lakini kabla ya Kew, wewe uko Lincoln! Pale juu Canwick Hill kuna International Bomber Command Centre, kituo cha kumbukumbu ya vikosi vya ndege za mabomu vya RAF, iko hapo hapo mjini kwenu. Kuna mnara wa chuma wenye urefu wa mita 31.09, ambao ni upana kamili wa Lancaster kutoka ncha ya bawa mpaka ncha, na kuzunguka mnara kuna kuta zenye majina karibu 58,000 ya waliokufa wakivitumikia vikosi hivyo, walioruka na wa ardhini, yametobolewa kwenye chuma, mwanga unapita katikati ya herufi. Jina la kaka yake lipo, na majina ya wenzake wote sita yapo. Wana kumbukumbu za waliokufa kwenye kompyuta, na waulizeni kama kuna mtu wa kukaa nanyi ana kwa ana mkatazama karatasi. Kwa walioruka peke yao, vikosi hivyo vilipoteza watu 55,573 kati ya kama 125,000, kwa hiyo watu wa pale swali la bibi wamelisikia, hawatamshangaa. Runnymede nako kuzuri, iko juu ya kilima inatazama mto Thames, ilifunguliwa na Malkia Elizabeth Oktoba 1953, majina zaidi ya 20,000 ya wanaanga wasio na kaburi linalojulikana, na tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola kwenye tovuti yake inakupa namba ya ukuta kabisa. Ila kwa miaka 90 safari ya London ni mbali, Canwick ni kwa teksi.

Kuna mambo ya kutokaa nayo mwenyewe. Wewe ni mlezi, zungumza na watoto wa bibi kabla hujaanza kumfungulia mafaili, wajue, wakubali, na bora awepo mmoja wao siku ya kusoma. Akianza kukosa usingizi siku nyingi, kuacha chakula, au kumuita kaka yake kama yuko chumbani, hiyo sio kazi ya mtaalamu wa ndege, mpeleke kwa daktari wake, majonzi ya zamani yakiamka kwa mtu mzima yanaweza kumwangusha, na kuna watu waliosomea kukaa na waliofiwa. Na ikiwa utafutaji utawaonyesha kaburi lisilo na jina ambalo mnadhani ni lake, msibishane na mlinzi wa makaburi, andikeni hoja yenu na ushahidi mpeleke kwa tume ile ya makaburi, wao na wizara ya ulinzi ndo wenye uamuzi, na kesi kama hizo huwa zinashinda mara mojamoja. Mtu akiokota mifupa ufukweni asiiguse, ni polisi kwanza.

Kwetu pwani tuna njia ambayo hawa wenzetu hawana, mtu akimezwa na bahari hatungoji mwili, tunamswalia ghaibu, tunakaa matanga, tunamsomea hitima, na siku inajulikana. Mama yake huyu bibi alipewa telegramu halafu miezi sita ya kusubiri, hakuna siku ambayo watu walikuja wakakaa chini nyumbani kwake. Ikiwa familia inapenda, chagueni tarehe, usiku ule wa Januari, msome majina yote saba kwa sauti. Unaweza kuwaeleza kwamba kwenu inafanyika hivi, nadhani watakusikiliza.

Sasa mdogo wake babu. Hujaniambia alikuwa kikosi gani, lakini kama alikuwa mpiga mizinga na safari ilianzia Mombasa mwanzoni mwa 1944, swali la kwanza nitakalouliza ni Khedive Ismail. Meli hiyo iliondoka Kilindini kwenda Colombo ikiwa na kikosi cha mizinga cha 301 cha Afrika Mashariki, manesi na mabaharia, tarehe 12 Februari nyambizi ya Kijapani I-27 ikaipiga karibu na Maldivi, ikazama ndani ya dakika chache tu. Walikufa karibu watu 1,300. Wale wa Afrika Mashariki wasio na kaburi wameandikwa kwenye mnara wa kumbukumbu ulioko makaburi ya vita ya Nairobi, kwa majina yao. Familia nyingi za bara na pwani hazijawahi kuambiwa kwamba jina lipo. Shida ni tahajia, karani Mzungu aliandika alivyosikia, kwa hiyo usitafute jina la ukoo peke yake, tafuta na jina la baba, jaribu na bila herufi ya kwanza, jaribu r badala ya l. Waulize wazee Tanga kama kuna karatasi yoyote ya malipo au bahasha ya serikali ya miaka ile kwenye sanduku la mtu, hata iliyoliwa na mchwa, maana huwa inaandikwa namba ya jeshi pembeni. Ukiipata namba hiyo nitumie, nitaanzia hapo.